Tetemeko lile lile, mahali pale pale

Ukikaa Kasese, Fort Portal au Bundibugyo, huku magharibi mwa Uganda, kwa muda, utayasikia maneno haya kila ardhi inapotikisika kidogo: "Afadhali hivi vidogo vidogo, vinapunguza." Maana yake ni kwamba ardhi inajitua mzigo taratibu, na kila kitetemeko kinachogonganisha vikombe kabatini kinatukatia deni la lile kubwa. Nimeyasikia soko la Mpondwe, kwa Kiswahili cha wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo, Kongo. Nimeyasikia nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu wa sayansi, na hapo ndipo nilipoona sina budi kuandika.

Ni maneno ya kufariji, na simlaumu anayeyasema. Lakini hesabu inayakataa. Ukipanda ngazi moja katika ukubwa wa tetemeko, tuseme kutoka 4 hadi 5, nishati inayotoka huongezeka karibu mara 32. Ukipanda ngazi mbili ni mara 1,000. Tetemeko la Kisomoro, lililopiga karibu na Fort Portal usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1994, lilikuwa na ukubwa wa 6.2. Ili kulilipia kwa matetemeko ya ukubwa wa 2, yale ambayo wengi wetu hatuyahisi kabisa, ungehitaji karibu milioni mbili. Mwaka 2006 na 2007 watafiti kutoka Ujerumani na wenzao wa hapa Uganda walitega vipima-mitetemo kuzunguka Milima ya Rwenzori, wakawa wanapata kwa wastani matetemeko zaidi ya 800 kila mwezi. Ni sehemu chache za Afrika zinazotikisika kiasi hicho. Haya, chukua matetemeko 10,000 kwa mwaka, yape yote ukubwa wa 2, na bado utasubiri miaka 200 kulilipia Kisomoro moja. Haba na haba hujaza kibaba, sikatai, lakini hapa tunazungumzia ghala.

Sasa, zipo sehemu duniani ambako ardhi kweli hujitua mzigo wake taratibu, mwaka hadi mwaka, bila kishindo. Na katika sehemu hizo hizo matetemeko madogo yana tabia ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mwandishi ametia chumvi: yanajirudia. Tetemeko lile lile, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule, kila baada ya muda unaokaribiana. Nataka kueleza kwa nini, maana ukishaelewa hilo utaona tunakosea wapi tunapojifariji huku kwetu.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote uko California, Marekani, kwenye mpasuko wa San Andreas. Mpasuko ni mahali ambapo miamba ya pande mbili imekatika na upande mmoja unaweza kusogea ukiuacha mwingine. Sehemu kubwa ya San Andreas imekwama. Haisogei kwa miaka mia na zaidi, kisha inaruka mita kadhaa kwa mkupuo mmoja, kama ilivyofanya mwaka 1906 ilipoiharibu San Francisco. Lakini katikati, kati ya San Juan Bautista na Parkfield, kuna kipande cha kama kilomita 150 ambacho hakisubiri. Kinasogea polepole siku zote, sentimita mbili na nusu hivi kwa mwaka pale kinapokwenda kasi. Karibu na mji wa Hollister, mwaka 1956, watu waligundua kwamba kuta za kiwanda cha mvinyo zilikuwa zinapasuka na kuachana bila tetemeko lolote: kiwanda kilikuwa kimejengwa juu ya mpasuko, nusu huku na nusu kule. Mjini Hollister kwenyewe, ambako tawi la mpasuko huo liitwalo Calaveras linapita chini ya nyumba za watu, kingo za barabara zilizowekwa zikiwa zimenyooka zimepinda. Watu wanapaka rangi, wanaziba nyufa, wanaendelea na maisha yao.

Katika mwisho wa kusini wa kipande hicho kiko Parkfield, kijiji kidogo cha wafugaji, na hapo tangu mwaka 1987 vimefukiwa vipima-mitetemo ndani ya visima, mbali na kelele za magari, upepo na ng'ombe. Vifaa hivyo vinanasa matetemeko ambayo hata mtu aliyelala chini hawezi kuyasikia. Robert Nadeau, Thomas McEvilly na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoyapanga matetemeko hayo, mwaka 1995 walichapisha walichokiona: mengi yalikuwa ya familia. Tetemeko la mwaka huu lilikuwa na mchoro ule ule wa tetemeko la miaka miwili iliyopita.

Huu mchoro inafaa tuutazame kwa karibu, kwa sababu ndipo ushahidi ulipo. Tetemeko dogo likifika kwenye kifaa, kwanza unaona mstari ukishtuka kidogo: ni wimbi la mgandamizo, ambalo lina kasi kuliko mengine. Sekunde chache baadaye linafuata wimbi la kutikisa upande kwa upande, lenye nguvu zaidi. Baada ya hapo unakuja mkia mrefu wa vimistari vinavyopanda na kushuka ovyo, vikififia taratibu. Mkia huo ni mawimbi yaliyogonga miamba njiani, yakarudi, yakagonga tena, na hatimaye yakafika yakiwa yamechelewa. Kila jabali, kila ufa, kila tabaka la mchanga kati ya tetemeko na kifaa limeacha alama yake humo. Ukiyatoa matetemeko mawili sehemu zilizoachana hata kwa umbali wa uwanja mmoja wa mpira, mikia yao haitafanana. Lakini michoro ya Parkfield ukiiweka mmoja juu ya mwingine, inalala pamoja hadi mwisho wa mkia, kilima kwa kilima, bonde kwa bonde. Hakuna njia ya kupata mfanano huo isipokuwa mawimbi yametoka mahali pale pale, kwa mtelezo wa namna ile ile, yakapita njia ile ile.

Kwa nini basi? Fikiria mlango wa mbao uliovimba msimu wa mvua. Unapousukuma unateleza vizuri, kisha unagusa sakafu mahali pamoja, unakwama, unaongeza nguvu, unaachia kwa mlio. Kesho ukiusukuma unakwama pale pale na mlio ni ule ule, kwa sababu mahali panapogusa ni pale pale. Mpasuko unaosogea polepole uko hivyo. Sehemu yake kubwa inateleza bila shida. Lakini ndani yake, kilomita kadhaa chini, kuna viraka vidogo, vingine vipana kwa mita kumi au ishirini tu, ambavyo mwamba wake ni mgumu na haukubali kuteleza. Kila kinachovizunguka kinasogea, vyenyewe vimeng'ang'ania. Kila siku vinaachwa nyuma kidogo, na kila siku mkazo kwenye kingo zake unaongezeka. Mwishowe kiraka kinashindwa, kinaruka, na kwa sehemu ya sekunde kinawafikia wenzake walioendelea mbele. Hilo ndilo tetemeko. Halafu nyuso za mwamba zinagusana tena, zinashikana upya, na kwa kuwa mwendo wa pembeni haukusimama, kuhesabu kunaanza tena.

Utaratibu wa saa unatoka hapo hapo. Anayekisukuma kiraka hachoki wala hakurupuki: ni mpasuko mzima, unaokwenda kwa kasi ile ile. Kiraka chenyewe kiko peke yake, hakina jirani mkubwa aliyekwama wa kukisukuma kabla ya wakati au kukipunguzia mzigo. Ndiyo maana familia nyingi za Parkfield hujirudia kila baada ya miezi kadhaa au miaka michache, bila kupotoka sana.

Linganisha na matetemeko makubwa ya mahali hapo hapo. Parkfield ilikuwa imepigwa na matetemeko ya ukubwa wa 6 hivi mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Ukiitazama orodha hiyo unaona kama miaka 22 kila mara, na mwaka 1985 wanasayansi wa Marekani walitangaza rasmi kwamba linalofuata litakuja kabla ya mwaka 1993 kwisha. Halikuja. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, miaka kumi na moja baadaye. Ukubwa ulikuwa ule ule wa 6, mahali pale pale, lakini saa iliwadanganya. Kiraka kikubwa kina majirani wengi, kingo zake hazifanani, na kinaweza kuanza kuvunjika upande wowote. Kadogo kaliko peke yake ndiko kanakotii ratiba.

Swali la ndani zaidi ni kwa nini mwamba mmoja uteleze na mwingine ukwame. Jibu linatoka kwenye msuguano, na kwa mwalimu wa fizikia hapa pana utamu wa pekee, kwa sababu msuguano tunaowafundisha watoto darasani ni nusu tu ya habari. Tunawaambia upo msuguano wa kitu kilichosimama na msuguano wa kitu kinachokwenda, basi. Kumbe, kama watafiti James Dieterich na baadaye Andy Ruina walivyoonyesha kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, msuguano wa mwamba hutegemea pia kasi. Kuna miamba ambayo ukiisukuma haraka zaidi inazidi kushikilia. Hiyo haiwezi kuleta tetemeko: kila ikitaka kukimbia inajifunga breki yenyewe, kwa hiyo inabaki kutambaa. Na kuna miamba ambayo ukiisukuma haraka zaidi inalegea. Hiyo ikianza kuteleza inalegea, ikilegea inazidi kuteleza, na kabla hujakaa sawa ni tetemeko. Mpasuko unaotambaa umejaa miamba ya aina ya kwanza, na viraka vya aina ya pili vimetawanyika ndani yake.

Hayo hayakuachwa kuwa nadharia. Kati ya mwaka 2004 na 2007 Wamarekani walichimba kisima karibu na Parkfield, kwanza wima, kisha wakakikunja kuelekea kwenye mpasuko, mpaka wakautoboa kwenye kina cha karibu kilomita tatu. Shabaha yao ilikuwa jirani kabisa na familia za matetemeko yanayojirudia ya ukubwa wa 2, ambazo walizipa majina ya mahali ili wasizichanganye. Walichokitoa kwenye sehemu zinazotambaa, ambazo zina upana wa mita chache tu, ulikuwa udongo laini wa mfinyanzi unaoitwa saponaiti. Walipoupima maabara, msuguano wake ulikuwa karibu 0.15, ilhali miamba ya kawaida huwa kati ya 0.6 na 0.85. Kwenye vipande vilivyotangulia kutolewa walikuta pia talki, madini yale yale ambayo unga wake hupakwa watoto wachanga. Ukuta wa bara zima unateleza juu ya vitu unavyoweza kuvikwaruza kwa ukucha. Nakumbuka nilivyowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, na mmoja akauliza kama huo udongo unaweza kuchukuliwa ukamwagwa kwenye mpasuko wa Rwenzori ili nao uteleze. Hauwezi, bila shaka, kwa kina hicho na ukubwa huo. Lakini alikuwa ameelewa jambo lenyewe kuliko watu wazima wengi.

Kuna fumbo moja ambalo halikutatulika kirahisi, na siwezi kulipita. Kama kiraka kimekwama kabisa na majirani wanakwenda sentimita mbili na nusu kwa mwaka, basi kiraka kinachoruka kila baada ya miaka miwili lazima kiruke sentimita tano ili kifikie wenzake. Lakini tetemeko la ukubwa wa 2, kwa hesabu ya kawaida, huruka milimita chache tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Fumbo linakuwa kubwa zaidi ukilinganisha familia kubwa na ndogo. Kwa jiometri ya kawaida, ukipanda ngazi moja ya ukubwa ungetarajia muda wa kusubiri uongezeke zaidi ya mara tatu. Vipimo vya Parkfield vinaonyesha hauongezeki hata mara mbili. Mwanzoni wengine walidhani viraka hivi ni vigumu ajabu, vinabeba mkazo kuliko mwamba wowote tunaoujua. Maelezo ninayoyaona mazito zaidi ni kwamba kiraka chenyewe nacho hutambaa. Kingo zake zinaanza kuteleza kimyakimya, utelezi unaingia ndani taratibu, na tetemeko linakuja mwishoni kumalizia kilichobaki. Kiraka kidogo humaliza sehemu kubwa zaidi ya mwendo wake kwa kutambaa, ndiyo maana kinachelewa kuliko tulivyotarajia. Kwa maneno mengine, hata pale tunapoyasikia matetemeko madogo, kazi nyingi imefanyika bila sauti.

Hapo ndipo penye jibu kwa wale wanaosema "vinapunguza". Kwenye mpasuko unaotambaa, kinachopunguza mzigo ni kutambaa kwenyewe. Vitetemeko havipunguzi kitu cha maana. Vinatoa taarifa tu kwamba chini kunatambaa, na kwa kasi gani.

Taarifa hiyo ina thamani kubwa. Huko Japani, pwani ya Kamaishi, kuna kiraka kikubwa kuliko vya Parkfield, kina upana wa kama kilomita moja, ambacho tangu mwaka 1957 kimekuwa kikitoa tetemeko la karibu 4.8 kila baada ya miaka mitano na kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku walilitabiri linalofuata kwa uwazi, wakasema litakuja kabla ya Novemba 2001 kwisha. Likaja tarehe 13 Novemba. Kisha ukaja ule mwaka 2011. Baada ya tetemeko kuu la ukubwa wa 9 la tarehe 11 Machi, mpasuko wote wa chini ya bahari ulianza kuteleza kwa kasi, na kiraka cha Kamaishi kikasukumwa mbio: matetemeko yake yakaja kwa kufuatana siku chache chache, mengine makubwa kuliko kawaida yake, halafu yakaanza kuachana tena kadiri mtelezo ulivyopungua. Parkfield ilifanya vivyo hivyo baada ya 2004. Watafiti walichokuwa nacho mkononi ni saa iliyowaonyesha, kutoka kilomita nyingi chini ambako hakuna chombo kinachofika, ardhi inakwenda haraka au polepole.

Hata zaidi ya hapo, ilipochunguzwa tena rekodi ya wiki zilizotangulia tarehe 11 Machi, yalionekana matetemeko yanayojirudia yakisogea hatua kwa hatua kuelekea mahali ambapo tetemeko kuu lingeanzia: mpasuko ulikuwa unatambaa chini yao. Sitaki mtu achukue hilo kama ahadi ya utabiri, kwa sababu matetemeko makubwa mengi hayakuonyesha dalili kama hiyo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutega sikio. Karibu na Istanbul wanafanya hivyo sasa: mpasuko unapita chini ya bahari ya Marmara, ambako huwezi kupigilia nguzo ya GPS, na matetemeko yanayojirudia upande wa magharibi ndiyo yaliyosaidia kuonyesha kwamba pale unatambaa, ilhali sehemu iliyo karibu na mji imekwama.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kwa mpasuko uliokwama hiyo ni kweli tupu. Lakini ardhi ina kimya cha aina mbili: cha aliyekwama anayejaza mkazo, na cha anayetambaa anayeutoa. Juu ya ardhi, kwenye shamba la kahawa au la muhogo, vinafanana. Matetemeko madogo yanayojirudia ni mojawapo ya njia chache za kuvitenganisha.

Huku kwetu ni kimya kipi? Tunayo majibu mawili ya historia. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Machi 1966, tetemeko lenye ukubwa uliokaribia 7 lilivunja upande wa magharibi wa Rwenzori, Bwamba na bonde la Semliki, likaua watu zaidi ya 100 Uganda na upande wa pili wa mpaka. Miaka ishirini na minane baadaye ikaja Kisomoro, upande wa mashariki. Mpasuko unaotambaa vizuri hauwezi kukusanya mkazo wa kufanya hivyo. Kwa hiyo walau vipande hivyo vya mipasuko yetu hukwama, na hukwama kwa kina kirefu: Rwenzori ina matetemeko ya kawaida hadi kilomita 30 na zaidi kwenda chini, na yale ya 2006 na 2007 yalijumuisha machache ya kina cha kilomita 50 na zaidi, ndani kabisa ya vazi la dunia, tabaka lililo chini ya ganda la juu, kitu cha nadra mno chini ya bara.

Wakati mwingine kunazuka kundi la vitetemeko vingi eneo moja ndani ya siku chache, hasa upande wa Fort Portal, watu wakalala nje. Kundi la namna hiyo halina uhusiano na saa ya Parkfield. Hayo ni matetemeko ya mahali karibukaribu, ambayo inadhaniwa yanasukumwa na maji moto, gesi au ujiuji wa mwamba ulioyeyuka unaopenya kwenye nyufa. Yanazuka na kupita, bila ratiba.

Na bado, Bonde la Ufa linajua kutambaa. Mwezi Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ardhi ilitikisika kwa siku nyingi hadi watu wa Nairobi wakatoka maofisini. Kubwa kuliko yote, tarehe 17, lilikuwa la 5.9. Setilaiti zilipopima, iligundulika kwamba mpasuko ulio chini ya mlima Gelai ulikuwa umeteleza kwa siku kadhaa polepole, na sehemu kubwa ya mwendo ule haikutoa tetemeko lolote, kabla ya mwamba ulioyeyuka kujipenyeza pembeni. Mwezi Septemba Oldoinyo Lengai ikalipuka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mtelezo wa kimya ni habari ya California na Japani peke yake.

Bundibugyo nilikutana na fundi mmoja mzee wa kujenga, aliyekuwa mtoto mwaka 1966. Alinionyesha ukuta wa ghala la kakao wenye ufa, na juu ya ufa ule alikuwa amechora mistari ya penseli inayoukata, kila mstari na tarehe yake pembeni. Mstari wa zamani ulikuwa umeachana kwa upana wa njiti ya kiberiti. Wa karibuni ulikuwa bado mzima.

"Mwalimu," akaniuliza, "huu umetulia au unapumzika?"

"Mzee, kwa mistari hii mimi siwezi kusema."

"Basi ngoja niongeze mingine. Wewe utakuja kusoma, au mwanao."

Niliirudia hesabu yangu jioni ile kwa sababu yake. Bonde letu la magharibi linapanuka kwa milimita 2 hivi kwa mwaka, au zaidi kidogo, na mwendo huo unagawanywa kwenye mipasuko kadhaa. Tuseme mmoja unachukua milimita 2 zote, nao unatambaa. Kiraka ambacho Parkfield, kwa milimita 25, kinaruka kila baada ya miaka miwili, huku kingesubiri miaka 25. Ili kujua kwamba kinajirudia lazima ukinase mara mbili, na ili kujua kwamba kina ratiba lazima angalau mara tatu. Hiyo ni nusu karne ya kusikiliza bila kuhamisha sikio, kwa sababu mchoro unalinganishwa tu na mchoro wa kifaa kilichokaa pale pale. Utafiti wa mwaka mmoja au miwili, hata ukiwa mzuri namna gani, unaweza kuhesabu matetemeko yetu, kuyaonyesha kwenye ramani na kupima kina chake. Hauwezi kuikamata saa inayopiga mara moja kila miaka 25.

Mbarara kuna kituo cha kudumu kilicho katika mtandao wa dunia, nacho kimefanya kazi kubwa. Lakini kutoka Mbarara hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na hadi Bundibugyo ni mbali zaidi. Tetemeko la ukubwa wa 1 au 2 chini ya Bwamba likifika huko limeshakuwa mnong'ono ndani ya kelele. Tunahitaji vifaa vya kudumu miguuni mwa mlima, vikiwa vimefukiwa kwenye mwamba, na wataalamu wa jiolojia walioko Entebbe wapewe bajeti ya kuvitunza mwaka wa kumi kama walivyopewa mwaka wa kwanza. Gharama kubwa haiko kwenye kifaa. Iko kwenye betri na sola zisizoibiwa, uzio, mtandao wa kutuma data, na mwenye shamba anayelipwa ili mtu asije akajenga zizi juu yake. Fedha za miradi ya mafuta ya Kingfisher na Tilenga, iliyo kwenye bonde hili hili, zikitengewa kifungu kidogo kwa ajili hiyo, hakuna atakayezikosa.

Wakati huo huo, nyumba zisisubiri. Fundi yule anajua kufunga mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote nne kabla ya kuezeka, na anajua kwamba tofali lisilochomwa vizuri, likiunganishwa kwa udongo mtupu, halistahimili mtikisiko wa upande. Wateja wake wengi wanaupunguza mkanda ule ili fedha ziishie kwenye bati. Nikimsikia tena mtu akisema vitetemeko vinapunguza, nitamuuliza kwanza juu ya mkanda wa nyumba yake.